Kuchagua Intaneti ya Malipo ya Kabla: Thika na Ruiru

Intaneti ya malipo ya kabla ni ile ambayo mtumiaji hununua data kwanza, kisha akaitumia mpaka kiasi kiishe au muda wake upite. Haina mkataba wala bili ya mwisho wa mwezi. Nchini Kenya watu wengi sana huingia mtandaoni kwa njia hii: mwenye duka Makongeni, mwanafunzi wa Juja, mama wa mboga wa Githurai anayepokea pesa kwa simu, na kijana wa Kihunguro anayefanya kazi za mtandaoni usiku. Kwa watu hawa intaneti imeshakuwa matumizi ya lazima, pamoja na nauli na unga. Fomu za mkopo wa masomo, ushuru wa mamlaka ya mapato (KRA), huduma za serikali za eCitizen na matokeo ya mitihani, vyote viko mtandaoni. Anayechagua vibaya hulipa kila siku kwa kitu ambacho hakimfikii.

Makosa mengi hutokea kwa sababu mnunuzi huanza na bei. Bei huonekana upesi, imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango. Lakini data iliyouzwa rahisi na isiyofunguka saa mbili usiku ni data ghali. Kinachofaa kutangulia ni mahali, yaani mnara gani unaihudumia nyumba, na saa ambazo mtu huitumia intaneti. Baada ya hapo kuna muda wa bando kuisha, na bei hufuata. Maelezo haya yanafuata mpangilio huohuo.

Kwanza, wanaouza ni akina nani? Safaricom ndiyo yenye wateja wengi zaidi, na ilianza 4G mwishoni mwa 2014, kisha ikafungua 5G kibiashara Oktoba 2022. Airtel, iliyowahi kuitwa KenCell, kisha Celtel, kisha Zain, ilichukua jina la sasa 2010 na kufungua 5G Julai 2023. Telkom Kenya ipo pia, ingawa wateja wake wamepungua sana katika miaka ya karibuni. Kuna Faiba ya kampuni ya Jamii Telecommunications, iliyoingia kwenye simu mwishoni mwa 2017 ikiwa na 4G peke yake, bila 2G wala 3G. Na kuna Equitel, ambayo haina minara yake yenyewe bali hutumia mtandao wa Airtel.

Data ya kampuni hizi zote husafiri katika njia mbili tofauti kabla ya kumfikia mtu wa Ruiru. Njia ya kwanza ni ndefu, ya chini ya bahari. Hadi 2009 Kenya ilitegemea setilaiti, na intaneti ilikuwa ya polepole na ghali mno. Mkonga wa SEACOM ulipoanza kazi Mombasa Julai 2009, ukifuatwa na TEAMS mwaka huohuo na EASSy 2010, bei zilianza kushuka. Njia ya pili ni fupi, kati ya mnara na simu, na mara nyingi haizidi kilomita mbili. Ni vyema kuzitenganisha njia hizi mbili akilini, kwa sababu tatizo la moja halitibiwi kwa dawa ya nyingine. Mei 2024 mikonga ya EASSy na SEACOM ilipokatika kwa pamoja, intaneti ilidorora Kenya na katika nchi jirani, na kubadilisha laini siku hiyo kulimsaidia tu aliyehamia kwenye kampuni yenye njia nyingine za kutokea nchini. Lakini matatizo ya kila siku ya Thika na Ruiru kwa kawaida si ya baharini. Ni ya ile njia fupi.

Ruiru ni mfano mzuri wa jambo hili. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini humo, na sensa ya 2019 ikawakuta 490,120. Katika miaka hiyo kumi mji ulizidi maradufu, ukawa wa nne kwa wingi wa watu nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Thika, mji mkongwe zaidi na wenye viwanda, ulikuwa na watu 251,407. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika 2012, mashamba ya kahawa yaliyozunguka Ruiru yaliendelea kugeuka ploti, na ploti zikageuka ghorofa za vyumba vya kupanga, orofa tano au sita, kila mlango familia. Mnara uliowekwa kuhudumia nyumba mia mbili unajikuta unahudumia maelfu ya simu.

Mnara wa simu hugawa uwezo wake kwa wote walioungana nao kwa wakati mmoja. Watu kumi wakitazama video, kila mmoja hupata fungu lake, na wakifika mia mbili fungu huwa dogo mno. Sasa, wengi wa wakaazi wa Ruiru hushinda Nairobi. Matatu na mabasi huwachukua alfajiri na kuwarudisha jioni. Kwa hiyo mchana minara ya mitaa kama Kimbo, Membley na Kihunguro haina kazi nyingi, na kuanzia saa moja jioni hadi saa tano usiku hulemewa. Anayejaribu laini mpya saa nne asubuhi akaridhika na kasi yake atakuwa ameujaribu mtandao wa mtaa mtupu. Thika kuna tofauti kidogo, kwa kuwa mji una kazi zake wenyewe: viwanda, Chuo Kikuu cha Mount Kenya, hospitali ya Level 5, soko na stendi. Katikati ya mji msongamano huja hata mchana, hasa karibu na vyuo wakati wa masomo, na usiku mzigo huhamia Makongeni, Landless na Ngoingwa.

Umbo la nchi nalo lina neno. Thika imejengwa penye mito ya Chania na Thika, na mabonde yake, kama lile la maporomoko yaliyo karibu na hoteli ya Blue Post, hukinga mawimbi ya redio. Nyumba mbili zilizo umbali wa mita mia tatu, moja juu ya ukingo na nyingine chini bondeni, zinaweza kuhitaji kampuni tofauti. Ramani za mtandao ambazo kampuni huchapisha huonyesha eneo lote kwa rangi moja, na ramani hizo hazijui kuta. Nyumba nyingi za ukanda huu zimejengwa kwa mawe ya machimbo ya Ndarugo, upande wa Juja: mawe mazito, yaliyokatwa kwa mashine, ambayo hupunguza nguvu ya mawimbi kwa kiasi kikubwa. Juu yake kuna slabu ya zege au mabati, na mabati hurudisha mawimbi yalikotoka. Mlango ni wa chuma. Chumba cha katikati, kisicho na dirisha la nje, kinaweza kukosa 4G kabisa wakati veranda ya nyumba hiyohiyo inapata kasi nzuri.

Kuhusu masafa, inatosha kujua kanuni moja. Masafa ya chini, kama ya 700 na 800 MHz, hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini hubeba data kidogo. Masafa ya juu, kuanzia 1800 MHz hadi yale ya 5G, hubeba data nyingi, lakini huchoka upesi na kuta huyashinda. Ndiyo maana simu yenye alama ya 5G ukiwa barabarani huonyesha 4G ukishaingia ndani. Faiba ilianza kwa 700 MHz, na Safaricom, Airtel na Telkom zilipewa 800 MHz kwa ajili ya 4G. Kwa mtu anayekaa ndani ya jengo la mawe, 4G ya masafa ya chini iliyotulia ni bora kuliko 5G inayokuja na kwenda.

Nguvu ya mawimbi inaweza kupimwa kwa simu yenyewe, bila kutegemea vile vijistari vinavyoonekana juu ya kioo, ambavyo kila mtengenezaji huvichora apendavyo. Kwenye simu nyingi za Android, sehemu ya mipangilio inayoeleza habari za simu ina ukurasa wa hali ya laini, na humo huonekana namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm. Kwa 4G, -85 ni nzuri, -100 inavumilika, na ikivuka -110 mtu asitarajie mengi. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Mtu akitembea na simu hiyo kutoka kitandani hadi dirishani, kisha hadi mlangoni, huku akiitazama namba ikipanda na kushuka, atajua kwa dakika tano kitu ambacho hakuna wakala anayeweza kumwambia: ni pembe gani ya nyumba yake inayotazama mnara wa kampuni ipi.

Lakini mawimbi yenye nguvu si lazima yawe na kasi. Namba nzuri ya dBm na video inayokwama mara nyingi maana yake ni moja: mnara uko karibu na umejaa. Hapo kusogea dirishani hakusaidii, na kampuni nyingine yenye wateja wachache mtaani humo inaweza kutoa huduma bora hata kama mnara wake uko mbali. Hili ndilo jambo linalowashangaza wengi. Kampuni kubwa yenye minara mingi nchini inaweza kuwa chaguo la pili katika jengo fulani la Ruiru, na kuwa chaguo pekee la maana mtu akivuka kwenda Gatanga au Ithanga.

Kifaa nacho kisisahaulike. Simu ya 3G haitapata 4G kwa kununua bando kubwa. Simu iliyoagizwa kutoka ng'ambo inaweza kuwa na 4G, lakini isiwe na masafa yanayotumika hapa, na hili limewahi kuwasumbua wanaojaribu Faiba kwa sababu si kila simu inasikia 700 MHz. Kwa kuwa Faiba haina 2G wala 3G, simu isiyoweza kupiga kwa njia ya 4G haitapiga kabisa kwa laini hiyo. Kabla ya kununua laini ya aina hiyo, ni vizuri laini ya mtu mwingine iwekwe kwanza kwenye simu hiyohiyo itakayotumika.

Anayetaka intaneti ya kompyuta au ya watu kadhaa ana njia tatu. Anaweza kugawa data kutoka kwa simu yake, njia isiyohitaji kununua kifaa lakini inayomaliza betri na kuipasha simu joto. Anaweza kununua mifi, kile kifaa kidogo cha kubeba chenye betri, ambacho kinaweza kuwekwa kwenye kizingiti cha dirisha lenye mawimbi bora wakati mwenyewe ameketi mezani. Au anaweza kununua ruta kubwa inayotumia stima, yenye antena nzuri zaidi. Kukatika kwa stima ni jambo la kuhesabiwa hapa. Ruta ya ukutani huzima stima inapopotea, mifi huendelea kwa saa kadhaa. Minara pia ina betri na jenereta, lakini giza likiwa refu, kama lile lililoikumba karibu nchi nzima usiku wa 25 Agosti 2023, baadhi ya minara huzimika na iliyobaki hulemewa. Mwenye mtihani wa mtandaoni au kazi yenye saa maalumu anahitaji kifaa chenye betri.

Kuna pia suala la kufungwa kwa kifaa. Mifi na ruta nyingi zinazouzwa na kampuni za simu kwa bei ya kuvutia hukubali laini ya kampuni hiyo tu. Kwa mtu wa malipo ya kabla, ambaye nguvu yake yote ni uhuru wa kuhama, kifaa kilichofungwa humwondolea uhuru huo kimyakimya. Kifaa kilicho wazi kwa laini zote kinaweza kugharimu zaidi siku ya kwanza, na ni bora kulipia ziada hiyo.

Sasa bando lenyewe. Bando lina mambo matatu: kiasi, muda na bei. Matangazo husema kwa sauti kubwa mawili kati ya hayo na kunong'ona la tatu, na linalonong'onwa mara nyingi ni muda. Kuna mabando ya saa moja, ya saa tatu, ya saa 24, ya siku saba, ya siku 30, na yasiyoisha muda. Haya ya mwisho yana historia inayofaa kukumbukwa. Kwa miaka mingi data yote iliyolipiwa ilifutika muda wake ulipoisha, hata kama mwenyewe hakuigusa. Wakili mmoja alizipeleka kampuni za simu mbele ya baraza la rufaa la mawasiliano akidai kwamba mtu hawezi kunyang'anywa kitu alichokinunua, na Oktoba 2019 Safaricom ikaleta data isiyo na tarehe ya mwisho. Ni haki iliyopatikana kwa kudaiwa, na bado watu wengi wanaoihitaji zaidi hawaitumii, kwa sababu kwa gigabaiti moja moja huonekana ghali kuliko bando la siku.

Hesabu ifuatayo inaonyesha ukweli ulivyo. Bei zilizomo ni za mfano tu, kwani bei halisi hubadilika mara kwa mara. Bando la saa 24 linatoa GB 1 kwa shilingi 100. Bando lisiloisha muda linatoa GB 2 kwa shilingi 500, yaani shilingi 250 kwa kila gigabaiti. La kwanza linaonekana rahisi mara mbili na nusu. Lakini mtumiaji wa WhatsApp na habari aliyetumia MB 300 tu kabla ya saa 24 kupita, amelipa shilingi 100 kwa MB 300, ambazo ni karibu shilingi 333 kwa gigabaiti. Kwake yeye bando la siku ndilo ghali. Kinachohesabiwa ni data iliyotumika, si data iliyouzwa. Kwa upande mwingine, mwanafunzi anayepakua mihadhara yote ya wiki siku ya Jumamosi ataimaliza GB 1 kwa muda wa chakula cha mchana, na kwake bando fupi lina faida.

Kwa hiyo mtu anahitaji kujua anatumia kiasi gani, na simu yake inajua. Mipangilio ya simu huonyesha data iliyotumika kwa mwezi na programu iliyoitumia. Kwa makadirio, ujumbe wa maandishi na wa sauti ni kidogo sana. Video ya ubora wa wastani, ya 480p, hula karibu nusu gigabaiti kwa saa. Ya ubora wa juu inaweza kula gigabaiti tatu kwa saa. Mkutano wa video wa watu wengi huweza kufika gigabaiti moja kwa saa, na huhitaji pia kasi ya kupakia, ambayo matangazo huinyamazia. Mengi hupotea bila mtu kutazama chochote: programu zinazojisasisha zenyewe, picha na video za makundi ya WhatsApp zinazojipakua, na kompyuta iliyounganishwa na simu ikadhani iko kwenye Wi-Fi isiyo na kipimo, ikavuta masasisho ya gigabaiti kadhaa. Kuzima mambo hayo matatu huweza kuokoa pesa zaidi kuliko kuhamia kampuni nyingine.

Kasi nayo hupimwa kwa megabiti, wakati kiasi hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kasi ya megabiti 10 kwa sekunde hupakua GB 1 kwa dakika 13 au 14, na inatosha kabisa kwa video nzuri na mkutano. Kwa nyumba ya watu wawili au watatu, megabiti 10 zinazopatikana kila usiku ni bora kuliko 60 zinazopatikana saa nane mchana.

Maandishi madogo ya bando yanafaa kusomwa mara moja kwa utulivu. Mabando mengine hutoa data ya usiku, inayohesabiwa ndani ya kiasi kilichotangazwa lakini isiyofanya kazi mchana. Mengine hugawa fungu la YouTube, TikTok au WhatsApp peke yake. Mabando yanayoitwa yasiyo na kikomo, hasa ya ruta za nyumbani, huwa na kikomo cha namna nyingine: baada ya kiasi fulani kasi hushushwa mpaka mwezi uishe. Hilo si lazima liwe baya, lakini mnunuzi anapaswa kuuliza maswali mawili: kasi hushuka baada ya gigabaiti ngapi, na hushuka hadi ngapi.

Hatari nyingine ni kredo kuliwa bando likiisha. Simu ikiendelea kutumia data bila bando, kredo iliyopo hukatwa kwa bei ya juu kuliko ya bando lolote. Kampuni hutoa njia ya kuzuia matumizi hayo. Kwa Safaricom mpangilio wa data unapatikana kwa *544#, palepale bando linaponunuliwa. Kuzuia huko kufanywe siku ileile laini inaposajiliwa.

Na kuna mkopo. Okoa Jahazi humpa mteja wa Safaricom kredo ya dharura na kukata asilimia 10, na kampuni nyingine zina mikopo yao. Mkopo wa shilingi 50 humfikia mtu ukiwa shilingi 45, na kredo inayofuata hukatwa deni kwanza. Anayekopa kila siku mbili hulipa asilimia 10 juu ya bando ambalo tayari ni dogo, na mabando madogo ndiyo yenye bei kubwa kwa kila megabaiti. Hapa ndipo soko hili linapowaumiza wasio na kitu: mwenye shilingi 1,000 mkononi hununua data kwa bei nafuu, mwenye shilingi 20 hununua data ileile kwa bei ya juu, na akiikopa huongezewa tena. Familia au marafiki wanaoishi ploti moja wanaweza kujikinga kwa kuchanga bando kubwa la mwezi na kuligawa kwa mifi, ikiwa wanaaminiana juu ya matumizi.

Katika kila bei kuna sehemu ya serikali. Ushuru wa bidhaa kwa huduma za intaneti ulipandishwa hadi asilimia 20 mwaka 2021, na Sheria ya Fedha ya 2023 ikaushusha hadi 15. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, inayotozwa hata juu ya ushuru huo. Kwa viwango hivyo, kati ya kila shilingi 100 za data, karibu 25 ni kodi. Kampuni zote hutozwa vilevile, kwa hiyo kodi haimsaidii mtu kuchagua kati yao, lakini inaeleza kwa kiasi fulani kwa nini hata bei ya kampuni iliyo rahisi zaidi haishuki sana.

Laini yenyewe husajiliwa kwa kitambulisho, na mnunuzi awepo mwenyewe. Asikubali laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine, hata kama inauzwa na bando ndani yake, kwa kuwa mwenye jina anaweza kuidai wakati wowote. Kwa kupiga *106# mtu huona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Tangu Aprili 2011 Mkenya anaweza kuhama kampuni na namba yake, lakini ni wachache wanaofanya hivyo, na sababu kubwa ni M-Pesa, ambayo haihami na namba. Wengi wametatua jambo hili kwa simu ya laini mbili: laini ya pesa na kupiga ikabaki ilipo, na laini ya data ikawa ya kampuni yenye mnara bora nyumbani. Kwa Ruiru na Thika huo ndio mpango unaofaa zaidi kwa mtu wa malipo ya kabla. Namba yake haibadiliki, na data yake inaweza kuhama kila mwezi ikibidi.

Jaribio la laini mpya lifanywe kwa bando dogo, si kwa la mwezi. Lifanywe nyumbani, kwenye kiti ambacho mtu huketia, siku tatu au nne, Jumapili jioni ikiwemo, kati ya saa moja na saa nne usiku. Lipime kasi ya kupakua na ya kupakia, na baada ya hapo mtu afanye kazi yake ya kweli: afungue darasa lake, apige simu ya video, apakie faili lake. Anayesafiri kila siku kati ya Thika na Nairobi ajaribu pia ndani ya gari, kwa kuwa simu inayohama mnara hadi mnara hutenda tofauti na iliyotulia. Ni vyema kuuliza majirani wa orofa ileile, si wa mtaa ule tu.

Kuna wakati jibu sahihi si laini ya simu. Intaneti ya waya wa fiber imesambaa katika mitaa mingi ya Ruiru na Thika, na inapofika ndani ya jengo kwa bei ya mwezi inayolipika, nyumba yenye watoto wa shule na televisheni ya intaneti haina sababu ya kununua mabando. Baadhi ya huduma hizo pia hulipiwa kabla. Ubaya wake ni kwamba haihami na mpangaji, na waya ukikatwa na wachimba barabara marekebisho hungojwa. Wi-Fi ya ploti, inayowekwa na mwenye nyumba au jirani mwenye biashara, hutegemea milango mingapi inagawana njia moja. Starlink iliingia Kenya Julai 2023, na kwa shamba lililo mbali na minara inafaa sana. Lakini hata setilaiti hujaa. Novemba 2024 kampuni hiyo ilisimamisha kuandikisha wateja wapya Nairobi na katika kaunti jirani, Kiambu ikiwemo, mpaka ilipofungua tena 2025. Kanuni ya mnara ni kanuni yake pia.

Huduma ikiharibika, kumbukumbu ndizo humtetea mteja. Ujumbe mfupi unaothibitisha ununuzi wa bando usifutwe mpaka bando liishe, na picha za vipimo vya kasi zihifadhiwe zikiwa na tarehe na saa. Malalamiko huanzia kwa kampuni yenyewe, na mteja aombe namba ya kumbukumbu ya lalamiko lake. Asiporidhika, anaweza kulifikisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Lalamiko lenye uzito hutaja namba ya laini, bando lililonunuliwa, jina la mtaa na jengo, siku na saa za tatizo, nguvu ya mawimbi iliyoonekana kwenye simu, na namba ile ya kumbukumbu.